Uchafu Chini ya Meno ya Pete

Watu wa nyumbani Ukambani waliponiuliza nafanya kazi gani Nairobi, niliwajibu kwamba naondoa uchafu, nao wakanyamaza kwa heshima wakidhani nafagia barabara. Sikuwasahihisha. Kwa kweli nilikuwa nasafisha na kung'arisha vito katika karakana ya sonara mmoja mjini, Mhindi mzee aliyezaliwa Mombasa, ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi wa bara tuone haya kufungua mdomo. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimepanga chumba Kibera, na kila asubuhi nilitembea hadi mjini nikiwa na shati safi, kwa sababu mzee hakutaka kuona mtu mchafu karibu na dhahabu.

Pete ya mwanamke hukusanya kila kitu anachoshika. Unga, samli, sabuni ya kufulia, mafuta ya kujipaka, vyote huingia chini ya jiwe na kugandamana humo mpaka jiwe lipoteze mwanga. Wateja walikuja wakilalamika kwamba almasi zao zimezeeka. Mimi nilizichemsha katika sufuria ndogo yenye sabuni na amonia, nikapiga brashi, nikachemsha tena, halafu nikazipeleka kwenye mashine ya kung'arisha. Mteja aliporudi aliuliza kama kweli hii ndiyo pete yake. Swali hilo nililipenda kupita kiasi. Nina kichwa kigumu na majivuno ya mikono, na mwaka ule majivuno hayo yalimponza dada yangu.

Dada yangu mkubwa aliishi Kabiro, kule Kawangware, katika chumba kimoja cha mabati, na alifanya kazi ya nyumbani Lavington. Mwajiri wake alikuwa mjane wa afisa mkubwa wa serikali, Mkenya mwenzetu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kanisani. Wote tulimwita Mama. Marehemu mumewe alikuwa amemnunulia pete ya almasi ng'ambo alipokwenda huko kikazi, akamletea pamoja na karatasi ya muuzaji iliyoeleza uzito wa jiwe, rangi yake na usafi wake. Mama aliivaa kila siku. Aliivua tu alipokwenda shambani kijijini kwao, maana hakutaka udongo uiguse.

Safari moja aliivua akaenda kijijini kwenye misa ya kumbukumbu ya mumewe. Jumamosi hiyo dada alinijia Kibera, akafungua fundo la leso yake, na pete ikawa pale kitandani kwangu.

"Hii pete ya Mama imekuwa chafu mpaka haiwaki," akaniambia. "Si wewe ndiyo fundi? Ifanye ikuwe kama mpya. Akirudi afurahi kidogo, huyu mama amelia sana."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema hapana. Pete ya mwenyewe haitolewi nyumbani bila mwenyewe kujua, hata kwa jambo jema, na hakuna mtu anayejua hilo kuliko mtu wa karakana ya sonara. Lakini sisi tulikuwa tumelelewa hivyo. Ukikuta jembe la jirani limelegea mpini, unalikaza na kulirudisha pale pale, wala huombi ruhusa. Nilikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma wa karakana. Mchana ule ule, karakana ikiwa imefungwa, niliichemsha pete ya Mama nusu saa nzima, nikaipiga brashi na kuing'arisha mpaka nikaridhika. Jumapili ilikuwa imerudi kwenye kisahani chake chumbani kwa Mama.

Mama alipoiona alishika mdomo. Alimwambia dada kwamba pete imefufuka, na dada akacheka tu, akasema ameifuta vizuri. Ule ulikuwa uongo mdogo wa mtu anayetaka kumwachia mwenzake furaha yake. Tuliucheka sote wawili kwa wiki nzima.

Miezi ikapita. Mama alitaka kuikatia pete bima, na watu wa bima wakadai karatasi mpya ya tathmini, kwa hiyo akaipeleka kwa mfanyabiashara mmoja wa vito aliyeelekezwa na rafiki. Yule bwana aliipima, akaandika karatasi yake, na karatasi hiyo haikufanana hata kidogo na ile ya ng'ambo. Ya kwanza ilisema jiwe lina uzito wa karati moja na nusu, ni jeupe kabisa, halina doa. Ya pili ilisema halifiki robo tatu za karati, rangi yake inaelekea manjano, na ndani lina kidoa cheusi.

Mama akakumbuka ile siku pete ilipofufuka. Akamwita dada sebuleni, akamuuliza mara moja tu, na dada, ambaye hakuwa na kitu cha kuficha, akasema kweli yote: kwamba aliitoa nje ya nyumba, kwamba aliniletea mimi, kwamba mimi nafanya kazi kwa sonara. Kila neno lilizidi kumzamisha. Mama alimpa mpaka Ijumaa arudishe jiwe, la sivyo polisi wangemfuata Kabiro.

Nilimkuta chumbani kwake Jumapili jioni amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Majirani walikuwa wameshajua, kwa sababu ukuta wa bati hauna siri. Mwenye plot aliyempangisha chumba alikuwa amepita kumuuliza kama ataendelea kukaa.

"Miaka tisa," dada akasema. "Nimeshika dhahabu yake, nimeshika ufunguo zake, nimeosha mzee wake akiwa mgonjwa. Leo mimi ni mwizi sababu ya karatasi."

Nilimwambia sitaruhusu. Nilisema kwa sauti ya juu ili majirani wasikie pia. Sikujua nitafanya nini, lakini nilitoka pale nimeamua, na njia nzima hadi Kibera nilikuwa naongea peke yangu kama mlevi.

Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya meza ya sonara nikamweleza kila kitu, pamoja na ufunguo, amonia na mashine niliyotumia bila ruhusa. Alinisikiliza akiwa ameshika tupa mkononi. Kisha akaniambia kwamba mimi ni mpumbavu, na kwamba kwa miaka arubaini amewafukuza watu kwa makosa madogo kuliko hilo. Nikamwambia anifukuze Jumamosi, lakini kwanza anisaidie kabla ya Ijumaa. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumpangia siku.

"Karatasi ya kwanza iliandikwa na nani?" akaniuliza.

"Na aliyeuza."

"Na ya pili?"

Nilifikiri. Dada alikuwa ameniambia kwamba yule bwana, baada ya kumwonyesha Mama hasara yake, alimwambia kwa upole kwamba yuko tayari kumwondolea mzigo huo na kumpa chochote.

"Na anayetaka kununua," nikasema.

"Basi wewe soma karatasi baada ya kujua hilo, si kabla." Akaweka tupa chini. "Hawa wote wawili walilipima jiwe likiwa ndani ya pete?"

Nilisema kwa yule wa pili nina hakika. Ndipo akanifundisha, kwa hasira, yale ambayo kwa miaka minne nilikuwa nasikia bila kuyaelewa. Jiwe lililokaa ndani ya pete halipimwi uzito kwa mizani, linakisiwa tu, na anayekisia anaweza kwenda juu au chini kadiri roho yake inavyomtuma. Rangi nayo, ukiitazama ndani ya dhahabu ya njano, dhahabu hulipaka jiwe rangi yake, na ukiitazama chini ya taa ya tyubu hupati rangi yoyote ya kuaminika. Jiwe hutolewa, hupinduliwa kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, asubuhi, karibu na dirisha. Ukutani pasiwe na rangi ya kung'aa.

"Hata tukijua uzito wake," nikasema, "Mama atasema ndilo jiwe tuliloingiza badala ya lake."

"Atasema. Ndiyo maana nakuuliza sasa. Ulilichemsha nusu saa. Ulisafisha chini ya meno?"

Meno ni zile ncha ndogo za dhahabu, nne katika pete ile, zilizopinda juu ya ukingo wa jiwe kulishika. Nilimwambia nilipiga brashi kila mahali.

"Brashi haifiki huko," akasema. "Jino likilala juu ya jiwe, kuna kijinafasi chembamba kama uzi, na miaka yote uchafu huingia humo ukawa mgumu. Aliyebadilisha jiwe ameinua meno. Akiyainua, uchafu unatoka. Jiwe jipya likiingia, linalala juu ya dhahabu tupu." Aliniangalia. "Isipokuwa kama msafishaji wa pete hii ni hodari sana."

Wateja wote waliowahi kunisifu walinijia mbele ya macho mmoja mmoja. Kama nilikuwa hodari kama nilivyojiona, basi nilikuwa nimeufuta ushahidi wa pekee wa dada yangu kwa mikono yangu, tena kwa majivuno.

Jioni ile nilikwenda Lavington. Mama hakunikaribisha ndani, tukazungumza barazani. Nilimwambia mimi ndiye niliyeichemsha pete yake na kwamba kosa hilo ni langu. Nilimwomba ailete pete kwa sonara na meno yafunguliwe mbele ya macho yake.

"Huyo ni tajiri wako," akasema. "Atakutetea."

"Usimsikilize, Mama. Hata mimi usinisikilize. Utaangalia mwenyewe kwa lenzi yake ya kukuza."

"Nikiona limebadilishwa?"

"Tutatoka pale pamoja mpaka stesheni ya polisi. Sitakimbia. Na dada hatakimbia."

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwake yeye pia lilikuwa jambo zito. Kama dada hakuiba, basi karatasi ya marehemu ilikuwa ya uongo, na mjane hana haraka ya kujua hilo. Lakini alikuwa mtu wa haki, hata alipokosea. Alisema atakuja Alhamisi.

Alhamisi dada alivaa nguo ya kanisani. Alikataa chai. Tulikuwa wote wanne kuzunguka meza ya dirishani: sonara ameketi, Mama upande wake wa kulia na mkoba wake kifuani, dada upande wa kushoto, mimi nyuma nikishikilia kiti kisicho na mtu. Sonara alimwonya Mama kwamba meno ya zamani yanaweza kukatika, na kwamba jiwe likikwaruzika ni lake yeye sonara, atalilipa. Mama akatikisa kichwa kukubali.

Kabla ya kufungua, mzee alimpa Mama lenzi. Alimwonyesha jinsi ncha za meno zilivyolika kwa kugusa nguo na mikoba miaka yote ile, zote nne kwa kiasi kimoja, wala hakukuwa na alama ya kibano. Mama aliangalia, akasema anaona lakini haelewi. "Utaelewa sasa hivi," mzee akasema, akachukua kipande cha chuma chembamba kuliko sindano ya viatu.

Jino la kwanza liliinuka taratibu. Mzee alisogeza taa, akaondoa taa, akageuza pete kuelekea dirishani. Nilimwona dada amefumba macho na midomo yake inasema Baba Yetu kwa Kikamba. Mimi nilikuwa nimekibana kile kiti mpaka vidole vinauma. Nilikuwa naomba kitu ambacho hakuna msafishaji aliyewahi kukiomba.

"Mama," mzee akasema, "angalia hapa."

Aliinama na lenzi.

"Ni nini hiki cheusi?"

"Uchafu," mzee akasema. "Unga wako, sabuni yako, mafuta yako. Umekauka mpaka umekuwa kama lami." Akaukwangua kwa ncha ya chuma, ukatoka kipande kimoja kigumu, chenye umbo la jino lenyewe, akakiweka juu ya karatasi nyeupe. Jino la pili likatoa kingine. La tatu. La nne. Vipande vinne vidogo, vyeusi, vimekaa mstari juu ya karatasi. Kisha akageuka akanitazama mimi juu ya miwani yake.

"Miaka minne nakulipa," akasema. "Kumbe husafishi."

Nilicheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Sijawahi kutukanwa nikafurahi kama siku ile.

Mzee hakuishia hapo, kwa sababu alikuwa na kichwa kigumu kunizidi. Alitoa jiwe, akaliweka kwenye mizani yake ndogo ya kioo, akamwacha Mama asome mwenyewe: karati moja kasoro kidogo. Halafu akatoa trei ya vioo vyeupe anavyotumia kupimia, akachagua kimoja chenye ukubwa wa karati moja na nusu, akajaribu kukikalisha pale jiwe lilipokuwa. Hakikuingia. Kilikaa juu ya meno kama kifuniko cha sufuria kubwa juu ya sufuria ndogo. Akarudisha jiwe la Mama, likazama mahali pake bila kulazimishwa.

"Pete hii haijawahi kubeba jiwe la karati moja na nusu," akasema. "Tangu siku ilipotengenezwa."

Alilipindua jiwe kifudifudi juu ya karatasi, pale dirishani. Lilikuwa jeupe, si jeupe kabisa, lakini ule umanjano wa karatasi ya pili ulikuwa umebaki kwenye dhahabu. Kidoa kilikuwapo kweli, kidogo kama punje ya wimbi, na kilikuwa humo tangu jiwe lilipotoka ardhini. Muuzaji alikiona akanyamaza. Mnunuzi alikiona akakipigia kelele.

Mama alikuwa ameketi sasa, kwenye kile kiti nilichokuwa nimekishika. Alisema kwa sauti ndogo, si ile ya kanisani, "Aliniambia ni karati moja na nusu. Alikuwa akiwaambia wageni."

"Huenda naye aliambiwa hivyo," mzee akamjibu. "Mumeo hakuwa sonara. Aliingia dukani akapewa karatasi, akaiamini. Na jiwe lake ni almasi ya kweli, tena nzuri. Nani alimdanganya nani, mimi nisingelianzia kwake."

Mama alilia kidogo, akajifuta. Kisha akamgeukia dada. Nilitaka kusikia neno moja tu, nalo likachelewa, lakini lilikuja. Alisema, "Nisamehe." Akasema dada arudi kazini Jumatatu, na kama hataki kurudi, atamwandikia barua nzuri sana ya kazi, aende nayo popote.

Dada alimjibu Mama kwa adabu, mikono imeshikana mbele.

"Asante, Mama. Barua utaniandikia ukipenda. Lakini umenijua miaka tisa, na wiki hii bado haikukusaidia. Nataka huyu mzee aandike."

"Niandike nini?" sonara akauliza. "Mimi naandika karatasi za mawe."

"Andika ya jiwe. Halafu chini uniweke mimi."

Mzee alisema katika miaka arubaini hajawahi kuandika jina la mtu asiye mwenye mali kwenye karatasi ya tathmini. Lakini alikuwa tayari anachukua kalamu. Aliandika nakala mbili. Uzito, baada ya kutolewa kwenye pete. Rangi, kwa mwanga wa dirisha asubuhi. Kidoa kimoja cheusi, na mahali kilipo. Kwamba yeye hakuuza jiwe hilo wala hakusudii kulinunua. Na mwisho kabisa aliandika kwamba meno ya pete yalikuwa hayajafunguliwa tangu ilipotengenezwa mpaka leo, mbele ya mwenyewe, kwa hiyo fulani binti fulani hakubadilisha jiwe. Mama aliweka sahihi chini ya hilo. Aliliandika jina lake lote, na kwa hilo nilimheshimu.

Jumamosi nilimkabidhi mzee ufunguo wa mlango wa nyuma. Aliuchukua, akauweka mfukoni, akaniambia Jumatatu nije mapema, kuna pete za harusi zimejaa. Ufunguo hakunirudishia kamwe.

Dada hakurudi Lavington. Alikaa Kabiro miezi miwili akiuza maharagwe mlangoni, halafu akasikia kuna familia Riruta Satellite inatafuta mtu. Nilimsindikiza. Mama wa nyumba ile alikuwa mwalimu, kijana, mwenye haraka, na jambo la kwanza alilouliza lilikuwa barua kutoka kazi ya zamani.

Dada alifungua mkebe ambamo aliweka kadi yake ya ubatizo, akatoa ile karatasi ya sonara na kumpa kwa mikono miwili. Mwalimu aliisoma mistari ya kwanza, akakunja uso.

"Lakini hii ni karatasi ya almasi," akasema.

"Ndiyo," dada akamwambia. "Soma mpaka chini."